Kona za Fremu ya Mkunya

Kazi ya kutengeneza fremu za picha nilifundishwa na mume wangu. Yeye ni mtu wa Lulindi, mimi nilizaliwa Singida nikaletwa huku na baba yangu aliyekuwa mwalimu. Tulipooana alikuwa tayari na banda lake nyuma ya nyumba, hapa Masasi mjini, lenye meza mbili na jiliwa la chuma la kubania mbao, alilorithi kwa mjomba wake. Mwanzoni nilikuwa nikimpelekea chai tu. Watoto wetu walipoanza shule na nyumba ikawa kimya, nikaanza kupiga msasa, kisha kupaka vanishi, kisha kukata. Baada ya miaka kadhaa wateja hawakuuliza tena nani kati yetu ametengeneza fremu gani.

Fremu ni mbao nne tu, na anayeiona ukutani hudhani kazi kubwa ni kuing'arisha. Kazi yote iko kwenye kona. Kila mbao unaikata ncha kwa mshazari, ili mbili zikikutana zitoe kona moja ya mraba. Inapendeza, kwa sababu huoni ncha ya mbao popote. Lakini ni kona dhaifu. Ncha ya mbao iliyokatwa ni kama mirija midogo mingi iliyoachwa wazi. Ukiipaka gundi inainywa, juu panabaki pakavu, na wewe unaamini umeunganisha.

Mume wangu alipaka gundi mara mbili. Ya kwanza aliichanganya na maji kidogo, akaiacha izame kwenye mbao, akaenda kunywa chai. Aliporudi alipaka ya pili, nzito, kisha akaifunga fremu nzima kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akiuvuta kona hadi kona mpaka gundi ichuruzike. Alipima kwa uzi kutoka kona hii hadi ile iliyo mkabala, halafu kona mbili zilizobaki, na vipimo viwili visipolingana alifungua akaanza upya. Siku ya pili ndipo alipofanya kazi ambayo wateja hawakuijua. Alikata kwa msumeno mfereji mwembamba uliopita kwenye kona, katika mbao zote mbili, akachomeka humo kibanzi cha mpingo kilichopakwa gundi. Mpingo aliupata kwa wachongaji wa vinyago, masalia wasiyoyahitaji. Kibanzi kile kililala kutoka mbao hii hadi ile, kwa hiyo hata gundi ikichoka, kona ilikuwa na kitu cha kuishikilia. Kila kona ilipata viwili. Vikishakauka alivikata vikawa sawa na mbao, akapiga msasa, na mistari miwili myeusi ikabaki katika kila kona. Watu walidhani ni urembo.

"Fremu zetu nyingi zinapanda juu kule," aliwahi kuniambia, akimaanisha Newala. "Asubuhi ukungu, mchana jua. Mbao inavimba na kusinyaa kila siku. Misumari haiwezi kuvumilia hayo."

Niliyajua haya yote. Nayaeleza mwanzoni ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mwaka mmoja macho ya mume wangu yaliingiwa na mtoto wa jicho. Alikuwa ameanza kukata kwa kupapasa, nami nikawa naogopa vidole vyake. Dada yake anayeishi Mtwara alimwita akafanyiwe upasuaji huko, akakaa kwake wiki tatu. Nikabaki na banda peke yangu, katika msimu wa korosho, watu wakiwa na fedha, na shule zilikuwa zimefanya mahafali. Vyeti na picha vilijaa meza ya pili hadi vikaanza kupangwa sakafuni.

Ilikuwa siku ya Alhamisi alipokuja mama mmoja kutoka Mkunya, huko Newala. Alikuwa mtu mzima sana, mwembamba, aliyenyooka mgongo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akafungua kanga aliyokuwa ameikunja mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na picha kubwa ya kijana mwenye shati jeupe, anayetazama pembeni kidogo kana kwamba mtu amemwita. Alikuwa mwanawe wa mwisho. Alifariki kwa maradhi ya ini, na kwao kulikuwa na ibada ya kumbukumbu siku ya Jumapili. Picha ile ilipigwa na mpiga picha wa kupita, na mwenyewe hakujulikana alikokwenda. Hakukuwa na nyingine kubwa. Akaniomba fremu imara, ya kukaa ukutani miaka mingi, iwe tayari Jumamosi asubuhi. Nikamwambia itakuwa tayari.

Mbao nzuri nilikuwa nayo, mninga uliokauka vizuri. Kioo chembamba kilikuwa kimeniishia, nikatumia kinene, cha madirisha, ambacho ni kizito. Kwa uzito ule kona zilihitaji vibanzi kuliko fremu yoyote iliyokuwa mezani. Lakini kukata mifereji ile ndiyo kazi niliyoichukia. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kwenye msumeno, na mara mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeharibu kona nzuri ikabidi nikate mbao mpya. Ijumaa ilipita na vyeti vya shule. Jioni nikapaka gundi mara moja tu, nikapigilia misumari midogo miwili kila kona, nikafunga mpira. Asubuhi nikaona kona mbili zimeacha uwazi mdogo kama unywele. Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi ya rangi nzito. Ilipendeza. Nakumbuka niliigeuza huku na huku kwenye mwanga nikajisifu moyoni.

Mama yule alipoiona alipitisha kiganja juu ya kioo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nikajiambia kwamba msimu ukipungua nitamwita airudishe, niitie vibanzi kwa utulivu. Mume wangu aliporudi na miwani yake mipya, aliuliza kazi ilikwendaje. Nikamwambia yote imetoka. Sikumwambia zaidi ya hapo, na sikumwita mtu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Zilipokaribia kuisha alikuja bandani mwanamke kijana, amebeba kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Aliniamkia kwa adabu, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Alisema anatoka Mkunya, ni mkamwana wa yule mama, mjane wa kijana wa kwenye picha. Baada ya mazishi hakurudi kwao. Hawakujaliwa mtoto, lakini mama mkwe alimwomba abaki, naye akabaki, wakaishi wawili katika nyumba ile.

Akafungua mfuko. Fremu ilikuwa imeachana kona mbili za chini. Kioo kilikuwa vipande, na alikuwa amevikusanya vyote, hata vidogo, kwenye kitambaa. Picha ilikuwa imechanwa na kioo kutoka kwenye paji la uso hadi mdomoni.

Niliichukua mbao moja nikaitazama ncha yake. Ilikuwa kavu na safi, kama mbao ambayo haijawahi kuona gundi. Misumari yangu miwili ilikuwa imepinda ikatoka pamoja na nyuzi za mbao. Fundi akiona kona ya namna ile hahitaji kuuliza lolote. Kioo kilikuwa kimeelemea ubao wa chini siku baada ya siku, unyevu wa mvua ukaja, na kona zikaachia.

Yeye alikuwa ananitazama usoni. Akaeleza kwamba asubuhi ya siku ilipoanguka aliipangusa vumbi, kama alivyofanya kila wiki, kisha wakaenda shamba wote wawili. Waliporudi wakaikuta chini. Mama mkwe alikaa sakafuni akalia, halafu akamuuliza aliishikaje.

"Mama," akaniuliza, "inawezekana niliipangusa kwa nguvu?"

Swali lile lilikuwa jepesi kulijibu. Ningesema hapana, na ningesema kwa nini. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Vitu hivi vinataka mkono mwepesi, mwanangu."

Aliinamisha kichwa. Akasema ni kweli, mkono wake ni mzito, hata mama yake mzazi alikuwa akimwambia tangu utotoni. Akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, kwa kuharibu kazi yangu.

Kuna jambo linalonifanya nisiweze kulisahau neno lile. Nilipoolewa, mama mkwe wangu kule Lulindi alikuwa na mtungi wa maji aliokuwa nao tangu ujana wake. Ulipasuka siku moja nikiwa jikoni peke yangu, na hadi leo sijui ulipasukaje. Nilichukuliwa kuwa nimeupasua mimi, na kwa muda mrefu kila chombo nilichokishika macho ya nyumba nzima yalikuwa kwenye vidole vyangu. Nilikuwa najua jinsi inavyokuwa. Pamoja na kujua, nilimvika binti wa watu vazi lilelile kwa mkono wangu.

Niliitengeneza fremu ile upya, bila malipo, na yeye akanishukuru kwa hilo pia. Safari hii nilifuata kila hatua. Nilikwangua ncha zote, nikapaka gundi mara mbili, nikapima kwa uzi. Mkono ulitetemeka kwenye msumeno nikauacha utetemeke, nikakata taratibu mpaka mifereji minane ikatimia. Nikatia vibanzi vya mpingo viwili kila kona na kioo chembamba. Picha aliipeleka studio moja mjini, wakaiunga kwenye kompyuta, wakatoa nyingine isiyo na mchano. Nilipoitazama macho yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya awali, na mdomo ulikuwa wa mtu mwingine. Nikaifunga ndani ya fremu, na ile iliyochanika nikaitia kwenye bahasha ngumu. Akaondoka navyo.

Miezi ikapita. Nikawa ninafanya kazi vizuri sana, kuliko wakati wowote. Mume wangu alinisifu kwa hilo. Kila aliponisifu nilitafuta kisingizio cha kuingia ndani.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa kike anayefundisha upande wa Mkunya, mwenyeji wa Mbeya, mtu mchangamfu. Walikuwa wanamuaga mwenzao anayestaafu na alitaka fremu ya cheti. Akanitazama vizuri, akauliza, "Kumbe ndiye wewe fundi uliyesema yule mjane ana mkono mzito?"

Nilimuuliza mjane gani, ingawa nilijua. Akanieleza kama anavyoeleza mtu habari ya jirani, bila ubaya. Binti alirudi nyumbani akamwambia mama mkwe kila kitu, hata maneno ya fundi, kwa sababu alikuwa mkweli. Mama mkwe akaitazama ile picha ya studio akasema, "Huyu si mwanangu," akaigeuza ikatazama ukuta. Tangu siku hiyo alianza kusema kwa majirani kwamba mkamwana wake amechoka kutazamwa na marehemu, kwamba anajitengenezea njia ya kuolewa kwingine. Mtu alipojaribu kumtetea binti, mama alijibu kwamba hata fundi wa Masasi, asiyemjua wala kumchukia, alisema kosa ni la mkono. Mwishowe binti alifungasha nguo zake akarudi kwao Chilangala. Hakufukuzwa, mwalimu alisema. Ila hakuzuiwa.

Mwalimu akaendelea kuchagua mbao. Mimi nilipima cheti chake mara tatu na mara zote nikasahau kipimo.

Siku hiyohiyo mchana nilimweleza mume wangu. Alikuwa amekaa bandani akinoa patasi. Nilianza na fremu, nikamaliza na neno langu kwa yule binti. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Gundi ulipaka mara moja?" Nikamjibu ndiyo, mara moja. Akauliza kuhusu kioo, nikamwambia kilikuwa kinene. Akaendelea kunoa. Nilitamani anigombeze, maana ugomvi una mwisho wake. Baadaye akasema kona mbovu kila fundi anazo, hata yeye anazo, na angenisaidia kuzirekebisha zote. Akaweka patasi chini.

"Hilo la pili silijui kulirekebisha," alisema. "Nenda mwenyewe. Mimi sitakwenda kukusemea."

Niliondoka Jumatatu asubuhi. Gari lilipita njia ya Lulindi, likapanda mlima, na tulipofika juu ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Abiria walivuta makoti. Kutoka Newala nilichukua bodaboda hadi Mkunya, nikauliza nyumba, nikaonyeshwa bila shida. Niliikuta milango wazi na uwanja umefagiwa. Nilibisha hodi mara moja, na nilipokaribishwa nilikaribia kusema nimepotea njia.

Mama yule alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Alinikumbuka. Alinikaribisha kwenye mkeka, akataka kwenda kuchemsha maji, nikamwomba akae kwanza. Fremu ilikuwa ukutani nyuma yake, imegeuzwa, nikaona ubao wa nyuma na kamba niliyoifunga mwenyewe.

Nilimweleza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanikimbia yote, nikasema kama yalivyokuja. Kwamba fremu ya kwanza niliiunganisha vibaya kwa sababu ya haraka na uvivu. Kwamba ingeanguka hata kama hakuna mtu angeigusa. Kwamba nilijua hivyo siku mkamwana wake aliponiletea, nikaiona ncha ya mbao kwa macho yangu, na nikamtupia yeye.

Aliendelea kuchambua mbaazi kwa muda. Kisha akasimama, akaitoa fremu ukutani, akaja nayo, akaweka kidole kwenye kona.

"Hivi vyeusi havikuwapo mwanzo," akasema. "Niliviona. Nikajiuliza, kama kosa lilikuwa la mkono wa mtoto, fundi ameongeza hivi vya nini?"

Nikamwambia vinazuia kona isiachane, na kwamba vilitakiwa viwepo tangu mwanzo.

"Nilijiuliza siku moja tu," akasema. "Halafu nikaacha kujiuliza. Nilikuwa nataka kosa liwe la mtu."

Nilimwelewa. Msiba wake ulikuwa hauna wa kumlaumu, na mimi nilimpatia. Nikaanza kumwomba msamaha, akainua kiganja kunizuia. Alisema yeye hana la kunisamehe, picha yake imeharibika na itabaki hivyo. Aliyetukanwa kijiji kizima hayuko pale. Akanielekeza nyumba ya wazazi wa binti, huko Chilangala, akaniambia niende sasa hivi kabla sijapoa. Nilipovaa viatu aliongeza kwamba nikifika nimwambie binti kwamba yeye pia atakuja, lakini si leo. Leo hawezi.

Chilangala nilifika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Binti alikuwa uani na mama yake, wanaanika muhogo. Alipandisha kanga begani akaniamkia shikamoo, na ile shikamoo ilinichoma, kwa sababu ilikuwa na heshima ileile ya mwanzo. Akaniletea kigoda. Akaniletea maji ya kunywa pia, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakitazama njia nzima asije akakimwaga.

Nilirudia maneno niliyosema Mkunya. Mama yake aliacha muhogo, akaja akasimama nyuma ya bintiye. Nilipofika pale pa "mkono mwepesi", binti alitazama chini, kwenye mikono yake mwenyewe, kana kwamba mimi siko.

Akauliza kama nilijua siku ileile. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilijua kabla hajaniuliza au baada. Ningeweza kupunguza hapo, asingejua kamwe. Nikasema kabla. Nilikuwa nimeshika ile mbao, nimeona, ndipo akauliza.

"Mimi nilikuwa najua sikuipangusa kwa nguvu," alisema polepole. "Nilijua kabisa. Nilikuja kwako ili uniambie. Uliposema vile nikaona basi labda mwili wangu unafanya vitu mimi sijui."

Mama yake akasema neno kwa Kimakonde ambalo sikulielewa, na hakuna aliyenitafsiria. Nilimwomba binti msamaha. Aliniambia amenisikia. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza mara ya pili. Nilikaa kidogo, nikaona kukaa kwangu kunawalazimisha kunikarimu, nikaaga. Alinisindikiza hadi njiani kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Yule mama wa Mkunya alitimiza ahadi yake. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba alikwenda Chilangala na dada yake kama shahidi, akasema mbele ya wazazi wa binti kwamba alimsingizia, na Jumapili iliyofuata akasema vivyo hivyo kwa majirani baada ya ibada. Si watu wengi wa umri wake wangefanya hivyo. Binti alilia, wakashikana mikono. Lakini hakurudi Mkunya. Alisema atakwenda kumsalimia, na kweli anakwenda, hata kumsaidia kuokota korosho. Jioni hurudi kwao. Mama anaishi peke yake katika nyumba ile. Picha ya studio ameitoa, na kwenye fremu yangu ameweka ile iliyochanika, na mchano wake.

Hilo la kuishi kwake peke yake ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Walikuwa wawili, wakifarijiana. Nikimwambia mume wangu hivyo, hujibu kwamba huenda wangeachana hata bila mimi, kwamba binti ni kijana na maisha ni marefu. Huenda. Lakini hawakuachana kwa sababu hizo. Waliachana kwa sababu yangu.

Kuhusu fremu nyingine za zile wiki tatu, tulizitafuta. Mume wangu alikaa na daftari la oda, mimi nikapiga simu. Nyingi zilirudi, tukazitia vibanzi bandani, yeye akikata na mimi nikichomeka. Zilikuwa bado zimeshikamana, na baadhi ya wateja walicheka wakisema hawajawahi kuona fundi anayeita kazi nzima irudi. Niliwaacha wacheke. Chache sikuzipata. Moja iko katika ofisi mjini Newala, juu ya meza ya mtu, na kona yake ya kushoto imeanza kufunguka. Niliwaambia, wakanijibu nisubiri mkubwa arudi kutoka safarini. Nimekwenda mara mbili.

Mwaka huu, kabla ya maua ya mikorosho, binti alipita hapa bandani. Alikuwa amemleta mama yake Masasi kwa matibabu ya mguu, na mama alikuwa amefikia kwa ndugu. Sikujua kama amekuja kwa jambo au amepita tu. Nilimpa kigoda, akakaa. Nilitengeneza chai. Akatazama mbao zilizofungwa mipira ukutani, akauliza mpingo tunautoa wapi, nikamwambia. Akaokota kibanzi kimoja kwenye sahani, akakipindisha kwa vidole aone kama kitavunjika. Hakikuvunjika, akakirudisha.

Mara kadhaa nilitaka kuanza. Nilikuwa na maneno mapya, bora kuliko ya siku ile uani kwao. Nikaona kwamba yangekuwa kwa ajili yangu, nikayaacha. Tukazungumza habari za mguu wa mama yake, na bei ya dawa ya kupulizia mikorosho, na mdogo wake anayetaka kwenda ualimu. Chai ilipoisha akaosha kikombe chake mwenyewe, ingawa nilimkataza. Nilimsindikiza hadi kituoni. Gari lilipokuja akanipungia mkono kidogo, akapanda, akakaa upande wa pili ambako sikuweza kumwona.